Nati za alumini au za chuma: jibu kwa mwenye Subaru wa Shela, Malindi

Swali: «Shikamoo, mwalimu. Nina Subaru Impreza WRX STI niliyoiagiza kutoka Japani. Kila siku huiendesha kutoka nyumbani Shela hadi kazini Watamu, na mara mbili au tatu kwa mwaka huipeleka kwenye mashindano madogo ya kukimbia dhidi ya saa. Nimeletewa seti ya nati ishirini za alumini, za rangi ya zambarau, nyepesi ajabu, na muuzaji ananiambia kwamba gari litapata kasi zaidi kwa kuwa magurudumu yatapungua uzito. Fundi wangu alizitazama akatikisa kichwa, akasema nisizifunge, lakini hakunieleza kwa nini. Nimsikilize nani?»

Marahaba, mwanangu. Msikilize fundi. Muuzaji hakukudanganya aliposema kwamba nati hizo ni nyepesi, ila amekuuzia wepesi mahali ambapo wepesi hauna kazi kubwa, na amenyamaza kuhusu mambo mawili ambayo mtu wa Malindi hawezi kuyakwepa, nayo ni chumvi ya bahari na mkono wa yule atakayezifungua siku utakapopata pancha. Nitaanza na huo uzito kwa kuwa ndio uliokuvutia, kisha nije kwenye kazi halisi ya nati, ambayo wengi wetu tunaifunga na kuifungua miaka nenda miaka rudi bila kuifikiria.

Chukua nati moja ya chuma uliyoikuta kwenye gari na moja kati ya hizo za zambarau, uzipime kwenye mizani ya dukani. Alumini ina uzito wa gramu 2.8 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, na chuma kina gramu 7.85, kwa hiyo nati mbili za umbo moja zitatofautiana karibu mara tatu. Tuseme ya chuma ina gramu 55 na ya alumini gramu 20. Tofauti ni gramu 35, na kwa nati ishirini unapata gramu 700, ambao ni karibu uzito wa lita moja ya petroli. Ukienda kazini tanki likiwa limepungua lita moja tu, umekwisha kupata faida yote hiyo bila kutoa shilingi.

Muuzaji atakujibu kwamba uzito unaozunguka si sawa na uzito uliotulia, na kanuni hiyo ni ya kweli, lakini hapa inamgeukia yeye mwenyewe. Uzito unaozunguka huwa mzito zaidi kwa injini kadiri unavyokuwa mbali na kitovu cha gurudumu, na ongezeko hilo hufuata mraba wa umbali. Nati za STI yako zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3, yaani kila moja iko milimita 57 tu kutoka katikati, ilhali uso wa tairi unaogusa barabara uko milimita 327 hivi. Umbali huo wa pili ni karibu mara 5.7 ya ule wa kwanza, na mraba wake ni karibu 33. Kwa hiyo zile gramu 175 ulizopunguza katika nati tano za gurudumu moja, kwa upande wa kuzunguka, ni sawa na kupunguza gramu tano na ushei kwenye uso wa tairi. Kipande kidogo kabisa cha risasi ambacho fundi wa tairi hukigandisha kwenye rimu wakati wa kubalansi kina gramu tano. Ukijumlisha kila kitu, kwa gari la kilo 1,500 umepunguza mzigo wa injini kwa sehemu moja katika elfu mbili. Sidhani kama yupo dereva wa Malindi, wala wa Naivasha, atakayeisikia tofauti hiyo mguuni. Ukitaka kweli kupunguza uzito wa magurudumu, pesa zako ziweke kwenye rimu iliyofuliwa, ambayo inaweza kukupunguzia kilo nzima au zaidi katika kila gurudumu, tena mbali na kitovu.

Sasa tuje kwenye kazi ya nati. Watu wengi hudhani kwamba gurudumu limening'inia juu ya zile boliti zilizopachikwa kwenye habu, yaani kile kitovu cha chuma kinachofungiwa gurudumu, ambazo mafundi wetu huziita stadi, kama koti lililotundikwa msumarini. Sivyo. Gurudumu hushikwa na msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu, na msuguano huo unapatikana kwa sababu nati zimeivuta rimu na kuibana kwa nguvu kubwa mno. Stadi yako ina kipenyo cha milimita 12. Ukiikaza nati yake kavu kwa nyutoni-mita 100, stadi huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 42,000 hivi, ambayo ni kama kuitundikia mzigo wa zaidi ya tani nne. Tano kwa pamoja zinaibana rimu kwa zaidi ya tani ishirini. Chini ya nguvu hiyo stadi hurefuka kama springi, ila kurefuka kwenyewe ni kudogo sana, kiasi cha sehemu tano au sita za mia za milimita moja. Shika hesabu hiyo, kwa maana ndiyo siri ya mambo yote yanayofuata. Kitu chochote kikinywea katikati hapo kwa sehemu tatu za mia za milimita, iwe ni rangi iliyobanwa, kutu iliyosagika, au nati laini iliyoliwa kidogo kwenye kikalio chake, yaani ile sehemu inayokalia rimu, umekwisha kupoteza nusu ya nguvu ya kubana, na nati kwa macho bado inaonekana imekaza.

Katika nguvu unayoitia kwenye spana, ni kama sehemu moja tu katika kumi inayofika kuivuta stadi. Sehemu tisa zilizobaki huliwa na msuguano, nyingine kwenye kikalio cha nati na nyingine kwenye meno. Hii ndiyo sababu ya kutokupaka mafuta wala grisi kwenye stadi isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza hivyo: ukipunguza msuguano kidogo tu, nguvu ileile ya mkono inaweza kuivuta stadi kwa theluthi zaidi, na siku moja itakatika ukashangaa.

Kwa kazi hiyo, je, alumini inafaa? Inategemea ni alumini ipi na inatunzwa na nani. Kila muuzaji husema nati zake ni za alumini ya ndege, na maneno hayo hayana maana yoyote mpaka akutajie namba. Ile yenye sifa ni 7075, mchanganyiko wa alumini na zinki, magnesi na shaba, uliobuniwa Japani katika miaka ya 1930 na kutumika katika ndege za kivita za Zero. Ikiwa imepikwa vizuri, huanza kukubali kupinda kwa mkazo wa megapaskali 500 hivi. Ile ya kawaida iitwayo 6061 hukubali kwa megapaskali 275. Stadi yenyewe, ambayo mara nyingi ni chuma cha daraja la 10.9, inahimili mkazo wa megapaskali 900 kabla ya kukubali. (Ninaposema chuma katika jibu hili nakusudia ile feleji ngumu ya boliti, si chuma cha mageti.) Kwa hiyo hata alumini bora kabisa ina kama nusu ya ugumu wa kile inachokishika, na ile ya kawaida haifiki theluthi. Nati ya rangi isiyo na namba wala jina la mtengenezaji huwezi kuitambua ni ipi kati ya hizo mbili kwa kuitazama, kwa sababu rangi ni ngozi tu iliyotiwa juu.

Udhaifu huo hufidiwa kwa urefu. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ya chuma iiume stadi kwa urefu usiopungua kipenyo chake, yaani milimita 12 kwa stadi yako, na ya alumini iiume kwa mara moja na nusu, yaani milimita 18. Huhitaji kipimo chochote cha maabara kulihakikisha hilo. Meno ya stadi ya Subaru yana hatua ya milimita 1.25, kwa hiyo ukiifunga nati kwa vidole kutoka jino la kwanza mpaka ikalie rimu, ya chuma inatakiwa izunguke karibu mara kumi na ya alumini isipungue mara kumi na nne na nusu. Kama gari lako lina zile spesa za kusogeza gurudumu nje, ambazo vijana wengi wa huku huzipenda, hesabu hiyo huanguka mara nyingi, na hapo alumini isizungumzwe kabisa.

Nisiifanye alumini iwe takataka, maana si takataka. Ina jambo moja zuri ambalo wauzaji hawalijui hata kulisifia. Alumini hunyumbuka mara tatu zaidi ya chuma chini ya mzigo uleule, na katika nati hilo ni jema. Katika nati ya chuma iliyofungwa juu ya boliti ya chuma, jino la kwanza peke yake hubeba karibu theluthi ya mzigo wote na yale ya mwisho hukaa karibu bure. Nati ya alumini, kwa kuwa hukubali kidogo, huugawa mzigo huo kwa usawa zaidi. Tena ikitokea fundi akaianzisha upande, meno yatakayoharibika ni ya nati na siyo ya stadi, na kubadilisha nati ni jambo la dakika moja, ilhali kuing'oa stadi kwenye habu ni kazi ya nusu siku ikiwa huna bahati.

Porsche walizitumia nati za alumini kwa miaka mingi kwenye 911 zao za zamani zenye rimu za Fuchs, na magari hayo hayakumwaga magurudumu barabarani. Lakini tazama walivyozitumia. Stadi zao zina kipenyo cha milimita 14, si 12. Nati zilikuwa ndefu, zenye kikalio cha duara kilichotengenezwa kukaa sawasawa na rimu zao, na kampuni iliandika nguvu ya kukaza, nyutoni-mita 130, pamoja na kueleza kikalio kipakwe nini. Kila kitu kilipimwa pamoja tangu mwanzo. Wewe unataka kuzifunga nati za mtengenezaji mmoja juu ya stadi za mtengenezaji mwingine, kwa nguvu iliyoandikwa kwa ajili ya nati za chuma.

Magari ya Formula 1 nayo yana nati za alumini, moja kubwa kwa kila gurudumu, nazo hutumika mara chache tu kisha hutupwa. Tena huko, penye mafundi bora duniani, tuliona tarehe 23 Mei 2021 katika mashindano ya Monaco, Valtteri Bottas wa Mercedes aliingia kubadilishiwa tairi akiwa wa pili, mashine ya kufungulia ikakaa kombo kidogo juu ya nati ya mbele kulia, ikaitafuna mpaka ikawa mviringo, na gurudumu halikutoka. Mbio zake ziliishia hapo, na gurudumu lenyewe halikutolewa mpaka gari liliporudishwa kiwandani Uingereza.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mkono. Nati ya alumini haitaki mashine ya upepo, si wakati wa kufunga wala wa kufungua. Inataka soketi ya kuta nyembamba iliyoikaa barabara, ianzishwe kwa vidole, ikazwe kwa mkono, na imaliziwe kwa spana ya kipimo, ile inayotoa mlio ifikapo nguvu uliyoipanga. Wewe huenda utayafanya hayo yote. Lakini gari huwa linafunguliwa na wengi: fundi wa pancha, mtu wa kubalansi, anayekagua breki, na jamaa mwema aliyesimama kukusaidia njiani. Kila mmoja ana soketi yake iliyochakaa, na kila akiifungua nati hupunguza kidogo ile ngozi ya rangi na kidogo ya meno yaliyo chini yake.

Nilipata kuitwa usiku mmoja kwenda Gongoni kwa ajili ya gari lililopata pancha likitoka Garsen. Lilikuwa na nati nyekundu za alumini, za aina ile yenye vijino vingi nje badala ya pembe sita, ambayo haifunguki bila ufunguo wake maalumu. Ufunguo ulikuwepo, lakini ulikuwa mwembamba, na mwenye gari alipoukanyagia wili spana ukapasuka. Fundi wa pale kwa nia njema akapiga soketi kwa nyundo juu ya nati mbili, zikageuka kuwa laini kama kokwa la embe lililolambwa. Mimi nilifika na patasi na subira, na hata hivyo nati ya tano ilitoka jua likiwa limechomoza, tena ilitoka pamoja na stadi yake, kwa maana vilikwisha kuwa kitu kimoja. Ndani ya meno kulikuwa na unga mweupe uliogandamana kama chokaa.

Huo unga mweupe ndio hoja yangu kubwa dhidi ya alumini kwa mtu anayeishi hapa. Metali mbili tofauti zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi, hugeuka kuwa betri ndogo, na katika betri hiyo mmoja huliwa ili mwingine asalimike. Kati ya alumini na chuma, anayeliwa ni alumini. Na kati ya alumini zenyewe, ile ngumu ya 7075 ndiyo inayoliwa haraka zaidi, kwa sababu ya shaba iliyomo ndani yake, kwa hiyo unaponunua nguvu unauza uvumilivu. Ngozi ya rangi huikinga, lakini haipo tena kwenye meno na kwenye kikalio baada ya kufungwa na kufunguliwa mara kadhaa, na hapo ndipo chumvi hujificha. Unga ule unaozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, hivyo huyajaza meno na kuifunga nati kama saruji.

Kuna baya zaidi ya kuganda. Alumini ya 7075 katika hali yake ya ugumu wa juu kabisa ina tabia ya kupasuka polepole inapokaa muda mrefu chini ya mvuto huku ikiwa ndani ya chumvi, na wahandisi wa ndege wanaijua tabia hiyo hata wakabuni namna nyingine ya kuipika, wakapoteza ugumu kiasi ili kuikwepa. Nati iliyokazwa iko chini ya mvuto saa ishirini na nne, kwa sababu koni yake inasukumwa ndani ya rimu na mwili wake unavutwa kutanuka. Ufa wa namna hiyo hautoi taarifa, na huanzia ndani, usipoonekana.

Nawe unajua Malindi ilivyo. Wakati wa kusi upepo hupuliza kutoka baharini na kulaza ukungu wa chumvi juu ya kila kioo cha gari lililolala nje kule Shela au kwenye barabara ya Casuarina, na asubuhi ukipitisha kidole ukakionja utaijua ladha yake. Ukielekea kaskazini, viwanja vya kuvuna chumvi vimekaa karibu na barabara kuanzia Gongoni hadi Marereni. Hata maji ya kuoshea gari mara nyingi ni ya kisima, na visima vyetu vingi vilivyo karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo mtu anaosha vumbi na kupaka chumvi. Ndugu yako wa Nairobi anaweza kuzifunga nati hizo miaka mitatu zisimsumbue, na ushauri wake ukawa wa kweli kwa kule aliko.

Kuhusu joto nitasema machache. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata moto, na 7075 ikikaa muda mrefu katika nyuzi 150 za sentigredi hupoteza zaidi ya nusu ya ugumu wake. Safari ya Watamu haikufikishi huko. Mashindano ya kukimbia dhidi ya saa, breki zikiwa nyekundu, yanaweza kukukaribisha, na kwa sababu hiyo usizikaze nati yoyote, ya alumini au ya chuma, rimu ikiwa ingali moto.

Sasa usidhani kwamba ukisema chuma basi umemaliza. Ziko nati za chuma mbaya, na mbaya kuliko zote kwa pwani ni zile zilizovishwa kofia nyembamba ya bati linalong'aa juu ya nati ya kawaida. Chumvi huingia kati ya kofia na nati, kutu ikavimba ndani, na kofia ikatanuka mpaka soketi ya namba 19 haiingii tena na ya namba 20 inalegea. Kila fundi wa tairi wa mji huu amekwisha kupambana nazo. Nunua nati ya kipande kimoja, iliyofuliwa, yenye ngozi ya zinki au ya kromu iliyoshika sawasawa. Ikiwa kwa ajili ya mashindano unataka kitu cha juu, zipo za chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, ndefu, zilizo wazi mbele, na hizo zitakufaa kuliko zambarau zote. Kutu ya juu zitapata, na haidhuru sana. Za titani nazo zipo, zina uzito kati ya hizi mbili, lakini bei yake haisemeki na meno yake yana tabia ya kung'ang'ana na stadi, kwa hiyo tuziache.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lina uzito kuliko alumini na chuma kwa pamoja, nalo ni umbo la kikalio. Rimu za Subaru hutaka nati yenye koni ya nyuzi 60. Honda wengi wana kikalio cha duara. Toyota wengi wenye rimu za kiwandani wana nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Hatua ya meno nayo hutofautiana: Subaru na Nissan ni 1.25 kwa stadi ya milimita 12, Toyota, Honda na Mitsubishi ni 1.5, na nati ya 1.5 huweza kuanza kuingia kwenye stadi ya 1.25 kwa mizunguko miwili mitatu kabla ya kukataa. Mtu mwenye haraka na mashine ya upepo hamalizi kusikia kule kukataa. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, ifunge kwa vidole nati moja baada ya nyingine kwenye stadi yako, na itazame ikikalia rimu yako, siyo rimu ya picha.

Ikiwa moyo bado unazitaka hizo za zambarau, sitakuzuia, ila zifanye kuwa nguo za sherehe. Mwulize muuzaji namba ya alumini na jina la mtengenezaji, na akishindwa kuvitaja mrudishie. Akivitaja, zifunge usiku wa kuamkia mashindano, kavu, kwa spana ya kipimo, kwa nguvu aliyoiandika mtengenezaji wa nati, na ukirudi nyumbani zitoe, zisuuze kwa maji ya bomba, zikaushe na uziweke ndani kwenye kitambaa. Nati yoyote itakayoonyesha unga mweupe, ufa wa unywele, au meno yaliyong'aa kwa kuliwa, itupe bila huruma. Usiziache kwenye gari msimu mzima wa kusi, na usisafiri nazo kuelekea Garsen au Mokowe usiku.

Kwa matumizi ya kila siku rudisha za chuma. Kabla ya kuzifunga, zisugue stadi kwa brashi ya waya mpaka meno yawe safi na makavu, ondoa kutu kwenye uso wa habu na nyuma ya rimu, kisha zikaze kwa kurukaruka kama nyota, mara ya kwanza kwa nusu ya nguvu na mara ya pili kwa nguvu kamili iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Endesha siku mbili za kwenda Watamu na kurudi, ambazo ni kama kilomita mia, kisha asubuhi ya tatu, rimu zikiwa bado baridi, zipitie tena kwa spana ya kipimo. Nati itakayozunguka hata robo kabla ya spana kulia, ifungue uitazame kikalio chake, maana kuna kitu kimenywea hapo.